Mtu wa Bruinsburg

Mabibi na mabwana, tunaposimuliwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani tunatajiwa majenerali. Leo nataka tuteremke mtoni, katika Mississippi, Aprili 1863.

Jenerali Ulysses Grant wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, alitaka kuuteka mji wa Vicksburg. Mji huo uko juu ya genge, mbele yake mto unajipinda, na chombo chochote kilichopita hapo kilikuwa shabaha ya mizinga ya Shirikisho la Kusini. Grant alijaribu kuchimba mfereji ili meli zikwepe kona ile, mto ukamshinda. Ndipo alipoamua askari watembee upande wa magharibi wa mto hadi kusini ya mji, kisha Admirali David Porter azipitishe meli usiku, ziwavushe huko.

Usiku wa tarehe 16 meli ziliteremka na mkondo, marobota ya pamba na nyasi kavu yamepangwa kukinga matangi ya mvuke. Watu wa Kusini wakawasha mioto kingoni, mto ukawa mweupe kama mchana. Mizinga ilinguruma weee! Hata hivyo, iliyozama ni meli moja tu ya uchukuzi.

Wengi huishia hapo, nami naona wanakatisha habari pabaya. Tarehe 29 Porter aliipiga ngome ya Kusini ya Grand Gulf, chini ya Vicksburg, ili jeshi livukie hapo, kwa saa kadhaa, na manowari zake zilizovikwa chuma hazikufua dafu. Grant ana jeshi, ana meli, hana pa kuvukia! Usiku huo akajiwa na mtu Mweusi, akamwambia: teremka hadi Bruinsburg, pana pwani nzuri ya kushukia, na njia nzuri ya kwenda bara. Kesho yake jeshi likavuka bila kupingwa. Vicksburg ikasalimu amri tarehe 4 Julai, Port Hudson, ngome nyingine ya Kusini kando ya mto huo, ikafuata tarehe 9, na majimbo ya Texas, Arkansas na Louisiana yakatengwa na wenzao wa Kusini.

Habari za mtu huyo tunazo kwa kalamu ya Grant mwenyewe. Jina lake hakuliandika, na jambo hili linaniuma sana. Robert Smalls tunamjua, yule rubani mtumwa aliyeitorosha meli ya Kusini, Planter, kutoka bandari ya Charleston mnamo Mei 1862 pamoja na familia yake. Na mabaharia Weusi wapatao 18,000 waliotumikia Muungano, majina yao yamo katika daftari za jeshi la majini. Naomba vijana mliopo hapa myasome.