Farasi wa Porini Anapofika Shambani

Bi Zuhura: Assalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Karibuni katika kipindi chetu cha mifugo, tunachokirekodi hapa Mombasa. Mwenzangu mezani ni Mzee Athmani, ambaye alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa miaka mingi kabla ya kurudi pwani kulima. Shikamoo, Mzee.

Mzee Athmani: Marahaba, mwanangu. Waaleikum salaam, wasikilizaji.

Bi Zuhura: Jamaa mmoja wa Kisauni wametuandikia kwamba binti yao, aliyeolewa Marekani, anaishi na wakwe zake shambani, na familia hiyo imemchukua farasi jike aliyekamatwa nyikani ambaye hajawahi kuguswa na binadamu. Wanauliza mnyama kama huyo anaweza kuzoea maisha ya shamba lenye watoto, na kazi hiyo huanzia wapi.

Mzee Athmani: Anaweza, na wengi wamezoea. Ila ni vizuri kwanza tujue ni farasi wa namna gani. Farasi wa asili wa Amerika walitoweka takriban miaka 10,000 iliyopita, na hawa wanaoitwa mastangi wametokana na farasi walioletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, kisha wakachanganyika na wengine waliotoroka au kuachwa na wafugaji wa baadaye. Kwa nasaba ni farasi wa kufugwa, lakini kwa malezi ni wa porini kabisa. Hata barani kwetu wapo wa aina hiyo, wale wanaoishi katika jangwa la Namib, karibu na kisima cha Garub nchini Namibia. Huko Marekani wanalindwa na sheria ya mwaka 1971, na idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma ndiyo inayowatoa kwa familia. Anayemchukua hapewi hati ya umiliki papo hapo, bali husubiri mwaka mzima na kuthibitisha kwamba amemtunza ipasavyo. Mimi naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote.

Bi Zuhura: Je, familia hiyo inapaswa kuandaa nini kabla ya kumpokea?

Mzee Athmani: Zizi, na zizi lenyewe liwe imara. Kanuni za huko zinataka kila farasi apewe nafasi isiyopungua futi za mraba 400, na kwa farasi mzima ambaye hajafugwa, uzio uwe na urefu wa futi 6. Uwe wa mbao au mabomba, kwa sababu seng'enge za miba humkatakata mnyama anayejirusha kwa woga. Watu wengi huona vibaya kumfungia mnyama aliyezoea nyika pana ndani ya eneo dogo hivyo, wakatamani kumwachia malishoni siku ya kwanza. Nawasihi wasifanye hivyo. Farasi asiyejua uzio ni nini ataupitia au ataurukia, na hata akisalimika, hakuna atakayeweza kumkaribia tena, kwa kuwa kila mtu anapotokea yeye atakuwa na nafasi ya kukimbilia upande wa pili. Katika zizi dogo ana maji, ana nyasi, na anawaona watu kila siku bila kulazimika kuwakimbia mbali.

Bi Zuhura: Na mtu anapoingia ndani ya zizi hilo kwa mara ya kwanza, anafanya nini?

Mzee Athmani: Mara nyingi hafanyi chochote. Anaweka nyasi, anabadilisha maji, anasimama kando kidogo, kisha anatoka. Farasi ni mnyama anayewindwa, na macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Kwa hiyo usimjie kutoka sehemu hizo mbili. Unamkaribia kwa mshazari, ukielekea begani, na huku unayatazama masikio. Sikio linalokufuata linakwambia kwamba anakufikiria. Kichwa kikiinuka ghafla, shingo ikikaza na uzito ukahamia miguu ya nyuma, ujue umefika mpaka wake. Hapo unasimama, na unaendelea kusimama. Huongezi hatua, wala hurudi nyuma. Unangoja mpaka ashushe kichwa hata kidogo, alambe midomo au atoe pumzi ndefu, na wakati huohuo ndipo unapogeuka na kuondoka.

Bi Zuhura: Kwa nini uondoke wakati ambapo ameanza kutulia? Wengi wangedhani hiyo ndiyo nafasi ya kusogea zaidi.

Mzee Athmani: Kwa sababu farasi hujifunza pale shinikizo linapoondolewa, wala si pale linapowekwa. Kwake yeye, uwepo wako ni mzigo. Ukiuondoa mzigo huo wakati ametulia, ameelewa kwamba utulivu ndio unaompa nafuu. Ukiuondoa wakati anakimbia, umemfundisha pia, lakini umemfundisha kukimbia, na kesho atakimbia mapema zaidi. Jambo hili ndilo msingi wa kazi yote, tangu kumgusa bega kwa mara ya kwanza, kumvisha kamba ya kichwani, hadi siku atakapobeba tandiko. Nimeona watu wenye nguvu na ujasiri wakishindwa na farasi mpole, kisa hawajui ni wakati gani wa kuacha. Nimeona pia vijana wembamba wakimwongoza farasi mkali kwa kamba iliyolegea, kwa sababu walikuwa wepesi wa kumwachia kila alipofanya hata robo ya walichomwomba.

Bi Zuhura: Kuna njia nyingine ninayoisikia hata kwa wafugaji wa punda hapa pwani. Wanasema mnyama mkaidi anyimwe maji na chakula mpaka akubali kula mkononi.

Mzee Athmani: Naipinga njia hiyo waziwazi, Bi Zuhura, na sitaki msikilizaji yeyote aondoke hapa akidhani kwamba ni suala la kila mtu na mtindo wake. Tumbo la farasi limeumbwa kupokea majani kidogo kidogo karibu siku nzima. Akikosa maji, chakula hukauka na kukwama matumboni, akapata msokoto wa tumbo, na farasi hana uwezo wa kutapika. Wengi hufa kwa maumivu makali. Anayekula mkononi mwako kwa sababu ya kiu hajakuamini, bali amezidiwa tu. Hali ni hiyohiyo kwa wale wanaomfunga miguu na kumwangusha chini. Farasi wa porini anatuogopa kwa sababu hajatuzoea, na hofu hiyo inaondoka. Lakini tukiithibitisha kwa kumtesa wiki ya kwanza, tunampa sababu ya haki ya kutuogopa, na kumbukumbu ya farasi ni ndefu sana.

Bi Zuhura: Tuzungumzie familia sasa. Katika nyumba yenye watoto, kuku, mbwa na mashine, je, wote wakae kimya?

Mzee Athmani: La. Nyumba ikinyamaza wiki nzima kwa ajili yake, siku mtoto atakapoangusha sufuria farasi atavunja uzio. Waanike nguo, wawashe trekta, waite kuku, mradi kila mmoja abaki nje ya zizi na mambo yafanyike kwa nyakati zinazofanana. Saa ya chakula isibadilikebadilike. Kumgusa kuachiwe mtu mmoja mpaka farasi huyo akubali kuguswa mwili mzima na kuongozwa kwa kamba, halafu wengine waingie mmoja baada ya mwingine. Watoto wadogo wawe wa mwisho, tena mkono wa mtu mzima uwe karibu, kwa maana hata farasi mwenye upendo anaweza kupiga teke akishtuliwa kutoka nyuma.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa kila mara: asikae peke yake. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini, na halali chini vizuri kama haoni mwenzake wa kumlinda. Mpeni farasi mzee mtulivu katika zizi la jirani, au punda. Akimwona mwenzake anamfuata binadamu bila woga, anajifunza mambo ambayo ninyi mngehangaika kumfundisha. Ila kama ni punda, apewe dawa ya minyoo kwanza. Kuna minyoo ya mapafu ambayo humkalia punda bila kumsumbua sana, lakini ikimpata farasi humtia kikohozi kibaya.

Bi Zuhura: Na chakula chake kiwe cha namna gani? Pengine watu watataka kumfurahisha kwa nafaka na matunda.

Mzee Athmani: Huenda asijue hata kwamba karoti ni chakula. Amekulia kwenye nyasi kavu za nyika, basi nyasi kavu ndizo zinazomfaa, kiasi cha asilimia 2 hivi ya uzito wake kwa siku. Nafaka nyingi, au malisho mabichi yaliyonona akipewa kwa ghafla, huleta uvimbe ndani ya kwato, na mnyama aliyefika akiwa mzima anabaki kilema. Anazoeshwa taratibu.

Kwato zenyewe zina habari yake. Nyikani zilikuwa zikisagwa na mawe, lakini ardhi laini ya shamba haizisagi, kwa hiyo zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Hiyo ndiyo sababu ninasema kwamba kunyanyua miguu kunatangulia kupanda kwa mbali sana. Unaanza begani, unateremsha mkono polepole hadi gotini, unarudi juu. Siku nyingine unafika chini ya goti. Siku anapoupunguzia mguu uzito, mwachie papo hapo na umpapase shingo. Usiung'ang'anie mguu, maana ni kwa miguu hiyo anayaokoa maisha yake, na akikupa umshikie amekupa kitu kikubwa. Fundi wa kwato aitwe baada ya hapo, si kabla.

Bi Zuhura: Basi ni lini atafunguliwa malishoni?

Mzee Athmani: Atakapokuwa anakuja mwenyewe langoni, anavishwa kamba bila kufukuzwa, na ameshatembezwa kwa kamba pembezoni mwa uzio wote ili aujue. Afunguliwe asubuhi, pamoja na mwenzake, akiwa ameshiba nyasi kavu. Kuhusu kupanda, sitataja mwezi wala tarehe, kwa sababu anayejipangia tarehe hulazimika kuruka hatua.

Bi Zuhura: Nimalizie na wasikilizaji wa huku kwetu. Wapo wanaofikiria kufuga farasi Mtwapa au Kwale. Wanapaswa kujihadhari na nini zaidi?

Mzee Athmani: Na wadudu, kwanza kabisa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi, wale wadudu wadogo sana wanaotoka jioni. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuonekana kuugua, lakini farasi asiye na kinga anaweza kufa ndani ya siku chache, mapafu yakijaa maji. Chanjo ipo, na daktari wa mifugo aitwe mapema, mvua za masika zikiwa bado hazijaanza. Kwa upande wa Kwale, karibu na msitu wa Shimba, kuna pia mbung'o wanaoeneza nagana, yaani malale ya mifugo.

Bi Zuhura: Na mbali na chanjo?

Mzee Athmani: Aingizwe bandani kabla ya magharibi na asitolewe mpaka jua lichomoze vizuri. Madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, kwa sababu visubi hupenya humo. Samadi iondolewe kila siku, na maji yasituame karibu na banda.