Mafua yangu yanatoka ukutani

Habari zenu ndugu zangu. Kwenye maoni swali ni lile lile: "Dada, mbona kila video una mafua na macho mekundu? Huko si kuna hospitali?" Leo najibu. Najua kuna atakayesema najidai kuugua maradhi ya kizungu, na mwingine atasema nalialia ili nisitume hela. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Nina aleji ya ukungu, ule mweusi wa ukutani. Msiniambie hata Dar masika viatu vinaota ukungu kabatini, najua. Lakini Dar dirisha lina wavu na upepo unapita. Hapa Manchester wakati wa baridi tunajifungia. Unapika, unaoga, unaanika nguo humo humo ndani. Ule mvuke ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji, na nyuma ya kabati ukungu unashamiri. Vijimbegu vyake huvioni, unavivuta tu. Mwenzangu wa chumba cha pili wala hana habari, mimi usiku kucha napiga chafya na kifua kinabana.

Kupimwa ni matone ya vitu mbalimbali mkononi, wanakudunga kidogo, na ndani ya robo saa penye aleji panavimba. Mnaosema matibabu ni bure: kwenye viza mtu mzima analipia huduma ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, na hapa Uingereza kila dawa anayokuandikia daktari ni pauni 9.90. Setirizini, vidonge vya aleji, nanunua mwenyewe dukani, ni nafuu. Ya kupuliza puani inataka utumie kila siku, siyo siku ukizidiwa tu.

Sasa kinachoniuma. Wakala wa nyumba ananiambia nifungue madirisha na nipunguze kupika. Januari! Gesi ya hita analipa nani? Wakaja wakapaka rangi juu ya ukungu, ukarudi. Hapa jirani, Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa ukungu wa nyumba yao. Wazazi wake walitoka Sudan, na baba alipolalamika aliambiwa apake rangi. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza Oktoba 27, 2025: unyevu na ukungu wa hatari ukaguliwe ndani ya siku 10 za kazi, na ukiwa wa dharura washughulikie ndani ya saa 24. Lakini imeanza na nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi. Sisi wapangaji wa watu binafsi bado tunasubiri, na hilo linanikera sana.

Mimi kilichonisaidia ni kukausha chumba. Nina kipima unyevu, nataka kisome chini ya asilimia 60. Kabati nimelivuta mbali na ukuta, na mashine ya kukausha hewa nimenunua, bei yake imeniuma. Nikisafisha navaa barakoa na glavu, na dawa ya klorini sichanganyi na dawa nyingine yoyote, maana hutoa gesi ya sumu. Mwenye pumu asiguse kabisa, asafishiwe na mtu mwingine. Haya ni ya mwili wangu, wako muulize daktari wako.

Picha zenye tarehe na barua zote nimezipeleka idara ya afya ya mazingira ya halmashauri. Wakijibu nitawasomea hapa.