Mashua Isirudi Tupu

Assalaam aleikum. Wazee wetu, kina mama, vijana wa mitaa, ahsanteni kwa kuja. Mada ni taka za visiwa vidogo, nami nitaanza na hapa Lamu tulipo.

Karibu kila kitu cha dukani, unga, sabuni, maji ya chupa, kimepitia Mokowe, gati iliyoko bara. Lori linashusha, mashua zinavuka zimejaa pomoni, kisha zinarudi bara bila mzigo wa maana. Unga huliwa, sabuni huisha. Mifuko, makopo na chupa hubaki nasi. Huko bara jaa likijaa, mji hutafuta jingine mbali zaidi. Sisi tukienda mbali zaidi tunafika baharini.

Na chini ya miguu yetu kuna jambo zito zaidi. Maji matamu ya mji huu yamo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi kuliko hayo. Mchanga hauzuii mengi. Betri iliyofukiwa, mafuta yaliyomwagwa, maji meusi ya jaani, vyote hushuka kwa njia ile ile ya mvua. Ndiyo maana mtu akisema "tuchimbe shimo tufukie", mimi humuuliza kwanza kisima kiko wapi. Na kuchoma? Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moshi wa plastiki wa jirani ni moshi wa mtoto wako.

Vichochoro vyetu havipitishi lori. Taka hubebwa na punda, kwa mkokoteni, au kichwani, kwa hiyo kila kilo ina mgongo unaoibeba. Basi kazi inaanzia jikoni: maganda ya ndizi, machicha ya nazi na matumbo ya samaki visichanganywe na chupa. Taka za jikoni ndizo nzito, ndizo zinazonuka, nazo zinaweza kugeuzwa mboji hapa hapa kisiwani. Zikishatengwa, kinachobaki ni kikavu na chepesi, na kijana atakikusanya bila kinyaa. Zikichanganywa, vyote viwili vimeharibika. Mama anayetenga taka nyumbani mwake ndiye nguzo ya mpango wote. Nalisema hili waziwazi kwa sababu kamati nyingi hukaa barazani na wanaume, kisha kazi wakaachiwa wanawake wasiokuwemo kikaoni.

Plastiki ina thamani, na hilo limeonyeshwa hapa hapa. Mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika champali zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Najivunia kazi ile. Lakini chupa za kila siku zinahitaji njia ya kila siku.

Kiribati, visiwa vyembamba vya matumbawe katika Pasifiki, waliunda mpango wa Kaoki Maange. Kinywaji cha kopo au chupa ya plastiki huongezewa senti 5 za dola ya Australia, ambayo ndiyo pesa yao. Anayerudisha kopo hupewa senti 4, na senti 1 huendesha mpango. Makopo hukandamizwa na kupakiwa melini. Mtoto anayeona kopo njiani ameona pesa, basi huliokota.

Kwetu Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitengwe zinakotoka, na mtengenezaji awajibike kwa vifungashio vyake. Tukae na manahodha tukubaliane nauli ya mzigo wa kurudi Mokowe. Tupate pia ghala kavu, kwa sababu bei ya plastiki hupanda na kushuka, na kikundi kisicho na pa kuhifadhi huuza siku mbaya kwa bei ya kutupa.

Limebaki la pampasi. Hazina mnunuzi, hazigeuki mboji, na ukizitupa baharini maji kujaa yanazirudisha. Hizo zinahitaji shimo lililotandikwa vizuri chini, mbali na vyanzo vya maji, na gharama yake ibebwe na wanaozitengeneza na kuziuza, si michango ya mitaa. Kamati ikienda kaunti, naomba ianze na hilo kabla ya kudai mapipa mapya.