Nani anachagua Urithi wa Dunia? Mhadhara wa Bagamoyo

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Nimeambiwa nisiongee sana maana kuna watu wanawahi daladala, basi twende moja kwa moja.

Watu wengi wanadhani UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wanakaa Paris, wanafungua ramani, wanasema hapa pazuri tupachukue. Hakuna kitu kama hicho. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 unasema nchi yenyewe ndo inapeleka jina, tena kanuni zake zinataka kabla ya hapo eneo liwe limekaa kwenye orodha ya kusubiri ya hiyo nchi angalau mwaka mzima. Na siku hizi kila nchi inaruhusiwa kupeleka faili moja tu kwa mwaka, kwa hiyo hata ndani ya nchi watu wanagombania foleni.

Sasa Bagamoyo hii imo kwenye orodha ya kusubiri tangu 2006, ila haikuwekwa peke yake, imewekwa kama njia nzima ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kuanzia hapa, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara kule Tabora mpaka Ujiji. Kihistoria ni sawa kabisa, msafara ulikuwa haushuki kutoka mbinguni ukatua ufukweni. Ila kwenye makaratasi ni kazi nzito jamani, kila kituo kinatakiwa kiwe na mpaka wake kwenye ramani, sheria inayokilinda, msimamizi, na mara nyingi eneo la kinga kukizunguka, halafu wewe uwathibitishie kwamba vyote kwa pamoja ni kitu kimoja. Mimi naona Bagamoyo na magofu ya Kaole hapa jirani peke yake ingekuwa faili jepesi zaidi, ila hadithi ingekatwa miguu, na wenzangu kazini tunabishana sana hapo.

Vigezo viko 10, sita vya utamaduni na vinne vya asili, ukipata hata kimoja kinatosha. Kilimanjaro iliingia 1987 kwa kimoja tu, kile cha uzuri wa asili. Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000 uliingia kwa vitatu, na kimojawapo kinahusu mji kuunganika na historia ya utumwa na kukomeshwa kwake, siyo milango ya nakshi peke yake kama wanavyosema ma-tour guide. Halafu kuna hii naipenda mimi, kaya za Wamijikenda kule Kenya, 2008, ukifika unaona msitu, miti mikubwa, lakini ziliingia kama utamaduni, sababu zile ni makao ya zamani ya wazee na miiko yao ndo imeulinda ule msitu. Ngorongoro nayo iliingia 1979 kama eneo la asili, utamaduni ukaja kuongezwa 2010, wakati nyayo za Laetoli, zile za mababu wa kale wa binadamu, zina miaka kama milioni 3.6 na zilikuwa humohumo siku zote!

Faili likifika, ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa maeneo ya kihistoria, wanakagua ya utamaduni, IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya asili, wanatuma mtu anatembea eneo lote. Kisha kamati ya nchi 21 inaamua, na pale siasa ipo tusidanganyane, wataalamu wanaweza kusema bado, kamati ikasema pitisha.

Kuingia siyo mwisho. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, kuta zinabomoka, bahari inakula ngome ya Gereza, ikachukua miaka 10 ya ukarabati mpaka kutoka 2014. Mwaka huohuo Pori la Akiba la Selous likaingia huko hatarini kwa sababu ya ujangili wa tembo.

Na kufutwa kupo. Oman walikuwa na hifadhi ya choroa wa Arabuni, wanyama walikuwa 450 mwaka 1996 wakabaki 65, halafu kukaonekana mafuta na serikali ikapunguza hifadhi kwa asilimia 90. 2007 ikafutwa, ya kwanza kabisa. Msije mkasema ni mambo ya nchi zetu huku, Dresden ya Ujerumani ilifutwa 2009 kwa sababu ya daraja lililoharibu mandhari yake, na lile daraja wananchi walilipigia kura 2005, wengi wakalitaka, walishachoka na foleni. Haya, mkono kule nyuma, mama karibu.