Kuhuisha mifano ya Python kwenye nyaraka za majaribio: kuanzia print hadi assertEquals

Habari za saa hizi, karibu tena. Leo fungua kompyuta kabisa, usinitazame ukiwa umelala, maana tutaandika. Hapa nina ukurasa wa maelekezo niliouandika mwenyewe enzi za Python 2.7, toleo la zamani la lugha hii ya programu. Unafundisha jinsi ya kuandika majaribio ya programu ndogo ya kukokotoa nauli za daladala. Maelezo yake bado yako vizuri, ila mifano imeoza. Kijana anayejifunza leo akinakili mstari wa kwanza tu, anakula hitilafu, na atadhani kosa ni lake.

 

Hatua ya kwanza, usirekebishe kitu. Najua mkono unakuwasha. Fungua tawi jipya kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya mafaili yako, kisha uliza unatumia Python ipi:

python --version

Yangu ni 3.13. Amua toleo la zamani kabisa utakalolihudumia na uliandike juu ya ukurasa, msomaji alione kabla hajaanza kunakili. Python 2 ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, kwa hiyo zile aya za "kama uko kwenye 2 andika hivi, kama uko kwenye 3 andika vile" hazina kazi tena. Futa bila huruma.

Sasa tuiachie mashine itwambie ugonjwa uko wapi. Python inakuja na chombo kinachoitwa doctest. Unakipa faili la maandishi, kinatafuta mistari iliyoanza na alama >>>, kinaiendesha, halafu kinalinganisha jibu lililopatikana na lile uliloandika chini yake. Andika:

python -m doctest mwongozo.rst

Umeona mvua hiyo? Usitishike. Panda juu hadi kosa la kwanza kabisa. Ni hili:

>>> print wastani([500, 650, 700, 600])
612

SyntaxError, yaani mstari haufuati sarufi ya Python. Hilo ni jepesi, print inataka mabano. Weka mabano, hifadhi, endesha tena. Na sasa angalia skrini kwa makini, kwa sababu mstari uleule bado unalalamika, ila kwa sababu nyingine: tulitarajia 612, tumepata 612.5.

Hapa simama. Wengi wakifika hapa wananakili hilo jibu jipya, wanalibandika kwenye ukurasa na kusonga mbele. Kwenye Python 2, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, sehemu ya desimali ilikatwa kimyakimya. Jumla ya nauli zile ni 2450, ukigawa kwa 4 unapata 612.5. Maana yake ukurasa wangu ulikuwa unasema uongo tangu siku ya kwanza, na mfano "ulipita". Kwa hiyo rudi kwenye sentensi iliyo juu ya mfano, uisome. Kama inaahidi shilingi nzima, basi ndani ya fanksheni tumia alama mbili za mkwaju, //, na 612 ibaki. Kama inaahidi wastani, jibu ni 612.5. Yangu inasema wastani. Nabadilisha jibu, na naongeza mstari mmoja wa kueleza nusu shilingi imetoka wapi. Uamuzi wa namna hii hakuna chombo kitakachokufanyia. Hata ile 2to3 ya zamani, chombo cha kugeuza programu za Python 2 kuwa za 3, iliyokuwa na alama ya -d ya kurekebisha mifano ya doctest, isingejua sentensi yako iliahidi nini. Na yenyewe imeshaondolewa kwenye Python tangu toleo la 3.13.

Makosa yanayofuata yanaenda haraka. Orodha ya vituo iliyoandikwa [u'Ubungo', u'Kimara'] inapoteza zile u. Maandishi yaliyounganishwa kwa alama ya asilimia unaweza kuyageuza kuwa f-string, yaani maandishi yenye f mbele yanayobeba thamani ndani ya mabano, zipo tangu toleo la 3.6, lakini geuza pale tu msomaji anapopata nafuu. Kwenye mifano ya logging, chombo cha kuandika kumbukumbu za programu, mimi naacha %s ilivyo, kwa sababu logging inasubiri kuunganisha maandishi hadi ijue ujumbe utaandikwa kweli.

Endesha doctest tena. Kimya. Ndiyo, ikipita haisemi kitu. Ukitaka izungumze, ongeza -v mwishoni mwa amri.

Lakini shuka chini ya ukurasa. Kuna mfano mzima wa unittest, chombo kingine cha majaribio kinachokuja na Python, ambao doctest haikuugusa, kwa kuwa hauna alama za >>>. Hizi ndizo sehemu zinazooza bila mtu kujua. Ikate yote, uipeleke kwenye faili lake, test_nauli.py:

class TestNauli(unittest.TestCase):
    def test_wastani(self):
        self.assertEquals(wastani([500, 700]), 600)

    def test_nauli_moja(self):
        self.assert_(wastani([500]), 500)

Juu yake weka import ya unittest na ya wastani, kisha:

python -m unittest test_nauli

AttributeError mbili, yaani majina tuliyoyaita hayapo. Majina haya yalikuwa lakabu za zamani, yakavumiliwa miaka mingi pamoja na maonyo, hadi Python 3.12 ilipoyaondoa Oktoba 2023. assertEquals inakuwa assertEqual, bila s. Ukikutana na assertRegexpMatches, andika assertRegex. Na assert_ inakuwa assertTrue. Badilisha, endesha. OK, majaribio mawili yamepita.

Usishangilie bado. Fungua nauli.py, faili lenye fanksheni yenyewe, na ndani ya wastani weka makusudi return 7. Ndiyo, saba. Endesha tena.

test_wastani limeanguka, vizuri. Ila test_nauli_moja limepita! Wastani wa 500 ni 7, na jaribio linasema sawa tu. Sababu ni kwamba assertTrue inatazama kitu cha kwanza peke yake, na namba yoyote isiyo sifuri inahesabika kuwa kweli. Ile 500 ya pili inachukuliwa kuwa ujumbe wa kuonyesha jaribio likianguka. Kosa hili halikuletwa na Python mpya, lilikuwemo tangu zamani ndani ya assert_, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watu. Andika:

self.assertEqual(wastani([500]), 500)

Endesha: limeanguka. Rudisha fanksheni ilivyokuwa, endesha: limepita. Fanya hivi kwa kila jaribio kwenye nyaraka zako. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka usimpe mwanafunzi.

Mengine nitayataja tu. import mock, ya kutengeneza vitu bandia vya majaribio, inageuka from unittest import mock, ipo ndani ya Python yenyewe tangu 3.3. Mifano ya nose ihamishie pytest, zote ni vyombo vya kuendesha majaribio, maana toleo la mwisho la nose lilitoka 2015. Kama nyaraka zako zinajaribu tovuti kwa Selenium, chombo kinachoendesha kivinjari kwa programu, find_element_by_id iliondolewa kwenye toleo la 4.3; sasa ni find_element(By.ID, "jina"). Na aya ndefu ya kupakua chromedriver, kiunganishi cha Selenium na Chrome, kwa mkono inaweza kufutwa, kwa sababu tangu 4.6 Selenium inajitafutia yenyewe.

Sasa rudi kwenye ukurasa. Pale ulipokata mfano usiubandike tena. Kama unatumia Sphinx, chombo cha kutengeneza kurasa za nyaraka, weka:

.. literalinclude:: test_nauli.py
   :pyobject: TestNauli

Ukurasa utavuta darasa hilo moja kwa moja kutoka kwenye faili linaloendeshwa, kwa hiyo anachosoma msomaji ndicho kilekile kilichojaribiwa. Halafu amri moja ya kukagua vyote, iweke kwenye seva inayoendesha majaribio yako kila mtu anapotuma mabadiliko:

pytest --doctest-glob="*.rst"

Usisahau ile alama ya --doctest-glob, kwa kawaida pytest inatafuta mifano ya doctest kwenye mafaili ya test*.txt tu na ukurasa wako itaupita.

Imebaki kutuma. Usirundike kila kitu kwenye komiti moja, yaani fungu moja la mabadiliko kwenye Git. Mabano ya print na zile u ziende pamoja, anayekagua atazipitisha kwa dakika mbili. Ile 612.5 ipe komiti yake na maelezo yake, vivyo hivyo na jaribio la nauli moja, kwa sababu hapo hukusafisha maandishi, umebadilisha ulichokuwa unakifundisha.