Namba Zisitengane na Majina Yake

Wenzangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilifungua vipimo vya jeni kwenye lahajedwali, nikapanga upya safu moja tu, ya majina, kuanzia A hadi Z. Namba zikabaki palepale. Kompyuta haikulalamika. Wiki mbili nzima nilichambua jeni zilizovaa namba za wenzao.

Ndiyo maana leo tunaitazama MAList, ghala dogo lililomo ndani ya limma, kifurushi cha R (lugha ya kompyuta ya takwimu) kilichotoka kwa Gordon Smyth na wenzake kule Melbourne.

Jina lenyewe limebeba siri. Maikroarei ya rangi mbili ni kioo chenye maelfu ya nukta za DNA. Sampuli moja inatiwa rangi nyekundu, nyingine kijani, zote zinamwagwa juu ya kioo hichohicho. Tuseme nukta moja imesomeka 4096 kwa nyekundu na 1024 kwa kijani. Kwa logi ya kizio cha 2, hizo ni 12 na 10. Tofauti yake, 2, ndiyo M: nyekundu imezidi mara nne. Wastani wake, 11, ndiyo A: mng'ao wa nukta. Ukitaka kurudi ulikotoka, ongeza nusu ya M kwenye A upate 12, au itoe upate 10.

Mbona tusitunze M peke yake? Kwa sababu rangi hizi mbili haziwaki sawa, na upendeleo huo hubadilika kadiri ya mng'ao. Anayesawazisha huinyoosha M huku akiifuata A.

Sasa tuchukue data ya swirl, samaki wa zebrafish wenye hitilafu kwenye jeni ya BMP2. Vioo 4, kila kimoja nukta 8448. Jedwali la M lina mistari 8448 na safu 4. La A vivyo hivyo. Pembeni kuna jedwali la jeni, mistari 8448, na la sampuli, mistari 4. Hilo la mwisho watu hulidharau! Katika jaribio hili rangi zilibadilishwa: kwa zamu, vioo viwili swirl ni kijani na samaki wa kawaida nyekundu, viwili kinyume chake. Jeni iliyofifia kwa swirl itatoa M chanya, hasi, chanya, hasi. Bila jedwali la sampuli utaapa kwamba kipimo ni kibovu.

Tuiite MAList yetu MA. Nikiandika MA[1:100, 2], yaani nukta 100 za kwanza za kioo cha pili, vyote vinakatika kwa pamoja: M, A, majina 100, na mstari mmoja wa sampuli.

Ila tusidanganyane, MAList ni orodha tu. Ukiingiza mkono ndani ukapanga majina peke yake, haitakuzuia. ExpressionSet, ghala jingine la aina hii kutoka Bioconductor (mkusanyo wa vifurushi vya R vya biolojia), ni kali zaidi: majina ya sampuli yasipolingana kati ya vipimo na maelezo, inakataa katakata. Nilikosa mtu wa kunikaripia hivyo zile wiki mbili.

Haya, fungueni kompyuta. Tunaanza na kile kioo cha pili.