Suali la Kama Nimeoa au Nimeolewa

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nilikuwa sitaki kulizungumza jambo hili, kwa sababu nikijibu mtasema najigamba kwa kuishi Uingereza, na nikilalamika mtasema basi nirudi. Lakini kila ninapoweka video hurudi suali lile lile, kwamba mimi ni mume gani niliyemfuata mke, ninayepika na kumpeleka mtoto skuli, na je, nimeoa au nimeolewa.

Nimeoa. Mahari nilitoa mwenyewe, na wajibu wa mume kutoa masurufu siupingi hata kidogo. Mke wangu ni muuguzi, kibali cha kazi ni chake, na karatasi zangu zinasema mimi ni tegemezi wake. Cheti chetu cha ndoa kilitakiwa kitafsiriwe; nililipa pauni 40, kikarudishwa kwa kukosa mhuri, nikalipa tena. Nilipoisoma tafsiri niliona kitenzi ni kimoja kwa sote wawili. Kwetu mmoja huoa na mwengine huolewa, mmoja mtendaji na mwengine mtendwa, ndiyo maana neno "umeolewa" akitupiwa mwanamme humuuma, ilhali dada yake hupigiwa vigelegele kwa neno hilo hilo.

Wataalamu hutenganisha jinsi na jinsia: jinsi ni maumbile uliyozaliwa nayo, jinsia ni yale ambayo jamii huyapachika juu ya maumbile hayo. Mwanasosholojia wa Uingereza Ann Oakley aliifafanua tofauti hiyo mwaka 1972, lakini nyinyi nendeni bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, baada ya magharibi: wanaokanda unga, kuchoma mishikaki na kugeuza pizza za Kizanzibari ni wanaume kwa kofia zao nyeupe za upishi, wala hakuna anayewauliza wameolewa na nani. Mwanamme huyo huyo akishika mwiko nyumbani kwake, ataambiwa amelishwa limbwata. Mimi naona aibu yenyewe imo kwenye malipo: upishi ukilipwa ni kazi, usipolipwa ni aibu.

Na mwani je? Kilimo kile kilipoanza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaume nao walikuwa na vigingi vyao majini. Kipato kilipoonekana kidogo wengi wakajitoa, na leo tunasema mwani ni kazi ya wanawake, kana kwamba bahari ndiyo iliyoamua. Wanawake hao wamejenga nyumba kwa fedha zile, na sijasikia mtu akisema kwamba wameoa.

Haya ni yangu mimi. Ya nyumbani kwako unayajua mwenyewe na mkeo, simshauri mtu.

Kilichoniudhi hasa ni benki. Ili nifungue akaunti nilitakiwa nioneshe bili yenye jina langu, na kwetu kila kitu, umeme, maji na kodi ya nyumba, kimo kwa jina la mke wangu. Nilirudishwa mara 3. Mara ya mwisho, nimesimama nje na bahasha imelowa kwapani, nilimkumbuka mama: amekaa nyumba ile ya Bububu zaidi ya miaka 40, na hakuna karatasi hata moja ya nyumba yenye jina lake. Usiku nilimpigia simu nikamweleza. Alicheka sana, kisha akaniuliza kama nilimwomba mke wangu ruhusa kabla ya kutoka kwenda huko benki.